Chipu Inayosoma DNA: Je, Itamfikia Mama wa Nyatike?

Majuma mawili yaliyopita alifika chumbani kwangu kijana mmoja, mfanyakazi wa benki hapa Nairobi. Hakuwa mgonjwa. Alikuja na swali kuhusu mama yake anayeishi Nyatike, katika Kaunti ya Migori. Mama huyo amekuwa akikohoa kwa zaidi ya miezi miwili. Amekwisha kumeza dawa za malaria mara mbili, antibiotiki za aina tatu, na kudungwa sindano za homa ya matumbo ambayo hakuna mtu aliyeithibitisha. Uzito unapungua, na usiku anaamka nguo zimelowa jasho.

Kijana alikuwa amesoma mahali kwamba kuna kampuni ng'ambo zinazotengeneza chipu ndogo, za jamii moja na zile zilizomo ndani ya simu ya mkononi, ambazo husoma DNA ya viini vya maradhi na kutaja ugonjwa kwa muda mfupi. Akaniuliza: "Daktari, nikituma pesa nyumbani, mama anaweza kupimwa kwa kitu hicho?"

Nilimjibu kwamba sehemu ya jibu ni ndiyo, na kwamba hata pesa nyingi hazihitajiki. Lakini jambo lenyewe linahitaji maelezo, na kwa kuwa najua wasomaji wengi wa ukurasa huu wana wazazi na ndugu huko Homa Bay, Migori na kwingineko kando ya ziwa, nimeona tulizungumze hapa kwa kirefu.

Chipu inasomaje DNA?

Kila kiumbe kina maandishi yake ya urithi. Maandishi hayo ndiyo DNA. Yana herufi nne tu, A, T, C na G, zilizopangwa katika nyuzi mbili zinazoshikana mfano wa zipu: A hushikana na T, na C hushikana na G. Bakteria wa kifua kikuu ana herufi kama milioni 4.4, na binadamu ana takriban bilioni tatu. Ndani ya maandishi ya kila kiini cha maradhi kuna vifungu ambavyo havipatikani kwa kiumbe kingine chochote. Ukikipata kifungu hicho katika makohozi au damu ya mtu, umempata mwizi na kitambulisho chake mfukoni.

Tatizo ni kwamba kifungu hicho ni kidogo mno kuonekana, na huenda kimo mara chache tu katika tone zima la damu. Mwaka 1983 Mmarekani Kary Mullis alibuni njia ya kukizidisha, inayojulikana kwa kifupi kama PCR, na kwa kazi hiyo akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Zipu hufunguliwa kwa joto la nyuzi 95 hivi, kisha joto hushushwa, na kila uzi hujijengea mwenzake mpya. Kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, vinne vinakuwa vinane. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja kimezaa vipande zaidi ya bilioni moja. Hapo sasa kuna kitu cha kupima.

Kwa miaka mingi kipimo hicho kilifanywa kwa mwanga: unatia rangi maalumu inayong'aa kila DNA inapoongezeka, kisha unaitazama kwa taa na jicho la kamera. Ni njia nzuri, lakini taa na kamera hugharimu pesa na hazipendi vumbi. Ndipo wakaingia watu wa umeme. Kila herufi inapojiunga na uzi mpya wa DNA, ioni moja ya hidrojeni hutoka. Ioni za hidrojeni ndizo zinazoifanya ndimu iwe kali. Kwa maneno mengine, DNA inapojizidisha, maji yanayoizunguka huwa makali kidogo, kwa kiasi ambacho ulimi hauwezi kukitambua kamwe. Lakini transista inaweza. Mwaka 1970, katika Chuo Kikuu cha Twente huko Uholanzi, Piet Bergveld alikwisha kuonyesha kwamba transista, ile swichi ndogo ya silikoni iliyomo katika kila redio na kompyuta, inaweza kutengenezwa ili ihisi ukali wa maji.

Profesa Chris Toumazou wa Imperial College, London, ndiye aliyeunganisha mambo haya mawili na mwaka 2003 akaanzisha kampuni ya DNA Electronics ili kuyafanyia kazi. Huko Marekani, kampuni ya Ion Torrent ya Jonathan Rothberg ilitumia njia hiyo hiyo, na mwaka 2011 ikatangaza kwamba imesoma DNA yote ya Gordon Moore, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Intel, kwa chipu za semikondakta. Mwaka 2014 Toumazou alipata tuzo ya wavumbuzi ya Ulaya. Na mwaka 2019 watafiti wa chuo chake walichapisha habari za chipu ya namna hii inayotambua vimelea vya malaria, pamoja na badiliko la jeni linalovifanya vishindane na dawa za artemisinini. Mtu wa Homa Bay, anayeishi katika eneo ambalo malaria haipumziki mwaka mzima, hana budi kulisikiliza hilo kwa makini.

Hata hivyo, tusidanganyane. Chipu inayoonja ukali wa maji bado si kifaa utakachokikuta katika kituo cha afya cha kawaida. Mama wa Nyatike atakutana na ndugu zake, yaani mashine zinazosoma maandishi yale yale ya urithi, kwa PCR ile ile, lakini bado kwa msaada wa mwanga. Ndugu hao wapo, na wengine wana chipu yao wenyewe.

Karatasi ya wiki ya kumi na tatu

Kabla ya kufika kwenye kikohozi, niruhusu nieleze kwa nini mimi binafsi nazijali mashine hizi kuliko pengine inavyompasa daktari wa kawaida.

Mwaka 2008 nilikuwa daktari mwanagenzi, na kila Alhamisi nilipelekwa kusaidia katika kituo kimoja cha afya kando ya ziwa. Akaja mama mmoja na mtoto wa kiume wa wiki saba. Mama alikuwa na virusi vya UKIMWI, na tulitaka kujua kama mtoto ameambukizwa. Sasa, msomaji, fahamu kwamba kipimo cha kawaida, kile cha kuchoma kidole na kusoma mistari, hakifai kwa mtoto mchanga. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, wala si virusi vyenyewe. Mtoto huzaliwa akiwa na kingamwili za mama yake, nazo huweza kukaa mwilini mwake hadi miezi 18. Kwa hiyo kipimo kitasema "ndiyo" hata kwa mtoto aliye salama. Njia ya kujua ni kutafuta maandishi ya urithi ya virusi vyenyewe.

Tukamchoma mtoto kisigino, tukadondosha damu kwenye karatasi maalumu, tukaianika, tukaitia katika bahasha. Bahasha ikasubiri nyingine zitimie, kisha ikasubiri gari, kisha ikasubiri zamu yake katika maabara ya mbali, kisha ikasubiri gari la kurudi. Kila Alhamisi mama aliniuliza, "Daktari, karatasi imerudi?" Nami nilimjibu, "Bado, mama. Labda wiki ijayo."

Karatasi ilirudi wiki ya kumi na tatu. Virusi vilikuwamo. Mama hakuwapo kwenye foleni siku hiyo. Alikuja shangazi ya mtoto kutuambia kwamba wamemzika Jumamosi iliyopita. Ilikuwa homa ya mapafu. Nikaitia karatasi katika faili, kwa sababu sikujua niiweke wapi kwingine.

Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Afrika Kusini. Watoto wachanga walioanzishiwa dawa za ARV mapema, wakiwa na wiki saba hivi, walikufa kwa asilimia 76 pungufu kuliko wale waliosubiri mpaka dalili zionekane. Bila dawa, karibu theluthi moja ya watoto walioambukizwa hufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na nusu kabla ya miaka miwili. Wiki kumi na tatu za kusubiri karatasi hazikuwa jambo la ofisini.

Hili linawahusu hasa watu wa kaunti hizi mbili. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta watu wazima 4.9 katika kila 100 nchini Kenya wakiishi na virusi. Migori walikuwa 13, na Homa Bay 19.6, idadi iliyozidi ya kaunti nyingine yoyote. Si kwamba watu wa huko wamelala. Hospitali ya Homa Bay ilikuwa miongoni mwa za kwanza za umma nchini kutoa dawa za ARV bila malipo, kwa msaada wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, tangu mwaka 2001. Mzigo tu ni mkubwa.

Maabara iliyo juu ya meza

Mwezi Juni 2016 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mashine mojawapo ya kumpima mtoto pale pale kliniki. Wakati huo iliitwa Alere q, na baadaye ikaitwa m-PIMA. Ni kijisanduku kinachotosha juu ya meza. Matone machache ya damu ya kisigino huingizwa ndani ya katriji, katriji hufungwa, na baada ya dakika 52 jibu hutoka. Mama hata hajamaliza kumnyonyesha.

Je, tofauti ipo kweli, au ni mapambo tu? Ipo. Katika utafiti uliofanywa katika nchi nane za Afrika, Kenya ikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2019, muda wa kati tangu damu kuchukuliwa hadi mzazi kupewa jibu ulikuwa siku 55 kwa njia ya bahasha. Kwa mashine ya mezani ulikuwa sifuri, maana yake siku ile ile. Kati ya watoto waliokutwa na virusi, walioanza dawa ndani ya siku 60 walikuwa 92 katika kila 100 mahali penye mashine, na 43 tu kwa njia ya zamani.

Lakini soma na hili pia. Utafiti mwingine uliofanywa Msumbiji, uliochapishwa mwaka 2018, uliwafuata watoto hata baada ya kuanza dawa. Miezi mitatu baadaye, waliobaki katika matibabu walikuwa karibu 62 katika kila 100 kwenye vituo vyenye mashine, na 43 kwenye vituo visivyo nayo. Ni nafuu, naam. Lakini hao 38 waliopotea walikuwa na majibu yao mkononi. Mashine haina miguu ya kumfuata mama aliyehama kambi ya wavuvi kutoka Mbita kwenda Sindo kufuata dagaa. Anayeweza kumfuata ni mhudumu wa afya ya jamii, na huyo hauzwi pamoja na katriji.

Ratiba ya Kenya kwa mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi ni kumpima DNA ya virusi akiwa na wiki sita, halafu miezi sita, halafu mwaka mmoja, kisha kipimo cha kingamwili akifika miezi 18 na kuendelea maadamu ananyonya. Wengi hufika kile cha kwanza. Wakiambiwa mtoto ni salama hushukuru Mungu na kutorudi, ilhali mtoto anaendelea kunyonya na hatari haijaisha. Ikiwa una dada au shemeji katika hali hiyo, mkumbushe kile cha pili na cha tatu. Na kama mama anameza dawa zake kila siku, uwezekano wa mtoto kuambukizwa huwa mdogo sana.

Turudi kwenye kikohozi

Kifua kikuu kilipimwa kwa darubini kwa zaidi ya miaka mia moja. Fundi wa maabara hupaka makohozi kwenye kioo, huyatia rangi, kisha hutazama. Ni kazi ya heshima na macho yao mengi yameharibika kwayo. Lakini ili darubini ione kitu, lazima kuwe na bakteria 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita moja ya makohozi. Mgonjwa mwenye 1,000 ataambiwa hana ugonjwa, arudi nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi.

Mashine ya GeneXpert, iliyotengenezwa na kampuni ya Cepheid ya California na kuidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Desemba 2010, huwatambua wakiwa 130 hivi tu katika mililita. Katriji yake mpya zaidi, iitwayo Ultra, hufika hata 16. Jibu hutoka katika muda usiozidi saa mbili. Tena mashine hiyo husoma kifungu cha herufi 81 katika jeni moja ya bakteria ili kujua kama amekwisha kuwa sugu kwa rifampisini, dawa iliyo nguzo ya matibabu yetu. Zamani tulijua usugu kwa kuotesha bakteria maabarani kwa wiki kadhaa, na wakati huo mgonjwa anameza dawa zisizomsaidia, huku akiwakoholea watoto wake. Kenya ilianza kuzitumia mashine hizi mwaka 2011, na hospitali za rufaa za Migori na Homa Bay zinazo.

Ndugu yake mdogo ni Truenat, nayo ndiyo iliyonifanya nimwambie yule kijana "ndiyo." Ilibuniwa India, na watu wa bigtec Labs wa Bangalore pamoja na kampuni ya Molbio ya Goa. Kiini chake ni chipu ya kauri, ndogo kama kidole gumba, yenye kipasha joto chake na kipimajoto chake ndani. Tone la maji yenye DNA huwekwa juu yake, na mizunguko ya kupasha na kupoza hufanyika papo hapo juu ya chipu. Kwa kuwa kinachopashwa ni kidogo, umeme unaohitajika ni mdogo pia, na mashine huendeshwa kwa betri. Kifua kikuu hujulikana kwa saa moja hivi, na kipimo cha usugu huongeza saa nyingine. Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2020, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopewa mashine hizi katika mradi wa Stop TB Partnership na USAID uliotangazwa mwaka 2021.

Kwa nini namsisitizia mtu wa Nyatike? Kwa sababu ya dhahabu. Macalder na machimbo mengine ya Migori yamejaa vijana wanaoponda mawe kwa nyundo na mashine za kusaga, bila hata kitambaa puani. Vumbi la mawe hayo lina silika, nayo silika ikishaumiza mapafu, kifua kikuu huingia kwa urahisi zaidi. Vijana hao hulala wengi chumba kimoja na huhama kutoka shimo hadi shimo, na wengine huvuka mpaka wa Isebania kwenda machimbo ya Tanzania. Mama wa yule kijana hachimbi, lakini anawapikia wachimbaji. Nilipouliza hilo, kijana alinyamaza kidogo. Hakuwa amelifikiria.

Mashine nzuri hushindwa na makohozi mabaya. Hili nalirudia kila mahali. Mate si makohozi. Mgonjwa asukutue kinywa kwa maji asubuhi kabla ya kula, avute pumzi kwa nguvu mara mbili tatu, kisha akohoe kutoka chini kabisa kifuani, akiwa nje penye upepo, mbali na watu. Kijiko kimoja cha chai kinatosha. Chombo kifungwe, kiandikwe jina, kisikae juani, na kifike siku hiyo hiyo. Mtoto mdogo asiyejua kukohoa na kutema hana haja ya kuteswa kwa mpira puani, kwa maana tangu miaka michache iliyopita kinyesi chake pia hukubalika katika GeneXpert, kwani makohozi huyameza.

Kuna kosa moja la mashine hizi ambalo watu wachache huambiwa. DNA haifi pamoja na mwenyewe. Mtu aliyetibiwa kifua kikuu mwaka jana akapona anaweza bado kuwa na mabaki ya bakteria waliokufa, na mashine isiyojua aliye hai na aliyekufa itasema "yupo." Kwa hiyo ikiwa uliwahi kutibiwa, mwambie daktari kabla ya kupimwa. Kwa sababu hiyo hiyo, maendeleo ya matibabu hatuyafuatilii kwa mashine hizi, bali kwa darubini ya zamani. Nilifurahi kulijua hilo. Darubini bado ina kazi.

Akina mama wa Migori na kijiti cha pamba

Mfano mmoja zaidi, nitaupitia upesi. Saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo pia hutambuliwa kwa DNA. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalihesabu zaidi ya wanawake 3,000 wanaouawa na saratani hii nchini Kenya kwa mwaka, na mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI yumo katika hatari mara sita zaidi ya mwenzake.

Mwaka 2016 watafiti wa KEMRI na wenzao kutoka Marekani walianza kuwapima wanawake wa vijijini Migori kwa njia isiyo na aibu: mama hupewa kijiti chenye pamba, huenda faraghani, hujichukulia sampuli mwenyewe. Pale huduma ilipopelekwa kijijini kwa kampeni, walijitokeza 60 katika kila 100. Pale walipotakiwa kwenda kituoni, walikwenda 37. Ni ushindi mzuri. Lakini miongoni mwa waliokutwa na virusi, waliofika hospitalini kupata tiba hawakufikia nusu. Nauli, kazi ya shamba, mume asiyejua la kusema, hofu ya neno saratani. Baadaye watafiti walilazimika kubuni njia ya kuwaunganisha na matibabu. Ukiona shangazi yako amepimwa, basi usiulize tu "majibu yalisemaje?" Uliza amepangiwa siku gani ya matibabu, na nauli anayo?

Nani atalipa?

Katriji moja ya GeneXpert ilishuka kutoka karibu dola 17 hadi dola 9.98 mwaka 2012 baada ya wafadhili kuingilia kati, na mwezi Septemba 2023 ikashuka hadi dola 7.97 baada ya mashirika na wagonjwa kupiga kelele. Kwa mgonjwa wa hospitali ya umma kipimo ni bure, lakini bure ya mmoja hulipwa na mwingine. Mwaka 2021 tuliona dawa za ARV zikikwama bandarini Mombasa kwa mvutano wa kodi kati ya serikali na mfadhili. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na tarehe 1 Julai mwaka huo USAID ikaacha kuendesha miradi. Mashine iliyokosa katriji ni meza ghali ya kuwekea vikombe vya chai, na nimeziona za namna hiyo. Nyingine huzimwa na joto, kwani GeneXpert haipendi chumba kinachozidi nyuzi 30, nao watu wa Homa Bay wanajua mchana wa Februari ulivyo. Ndiyo maana betri na chipu inayostahimili si anasa kwetu.

Nimeulizwa kama chipu zenyewe haziwezi kutengenezwa hapa. Nyeri, katika ardhi ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kiwanda cha Semiconductor Technologies Limited kinachofanya kazi ya semikondakta. Maarifa hayako mbali na Migori kama tunavyodhani. Mimi ningependa kuona bajeti ya kaunti ikiwa na mstari wa katriji kabla ya mstari wa magari.

Sasa, kwa anayetuma pesa nyumbani: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kukonda, au homa isiyoisha, usikubali dozi ya tatu ya antibiotiki. Mwambie mgonjwa amuulize mhudumu kwa maneno haya: "Naomba makohozi yangu yapimwe kwa mashine ya jeni." Kituo kisicho na mashine kina utaratibu wa kupeleka sampuli kwenye kituo kilicho nayo; aulize inaondoka siku gani na jibu litarudi kwa njia gani, kwa simu au kwa karatasi. Aache nambari ya simu inayopatikana, yake au yako. Na akikutwa nacho, dawa za kifua kikuu ni bure katika hospitali za umma, kwa miezi sita, na pesa unazotuma zitumike kwa chakula na nauli.

Yule kijana alinipigia simu Ijumaa. Makohozi ya mama yake yalikwenda kwa bodaboda asubuhi, na jibu likaja kwenye simu kabla ya saa kumi jioni. Ni kifua kikuu, kisicho sugu kwa rifampisini. Ameanza dawa. Wajukuu wawili wanaolala naye chumba kimoja wanapelekwa kupimwa Jumatatu.